Kutoka Shimo la Kisolo hadi Daftari

Mzazi anayepita nyuma ya shule na kuwakuta watoto wa darasa la 7 wamechuchumaa chini ya mwembe, wamechimba vishimo na kugawa kokoto, ana haki ya kuuliza kama hiyo ndiyo hesabu aliyoilipia. Ametoa ada, ameacha kumtuma mtoto shambani, na kwake hesabu ni ubao mweusi, chaki na daftari lililojaa. Mwalimu naye ana haki ya kujibu kwamba programu ya serikali inamtaka aanzie kwenye mambo ya maisha kabla ya kufika kwenye kanuni. Kati yao yupo mtoto, ambaye mwisho wa darasa la 8 atawekwa mbele ya karatasi ya mtihani isiyojua kokoto wala mwembe.

Mabishano haya yapo Kongo nzima, lakini katika Nyangwe, na kwa jumla Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, yana uzito wake. Ni mahali ambapo hesabu za biashara zimefanywa kwa mdomo tangu kabla ya shule kuwapo, na ambapo shule yenyewe ina vitabu vichache na madarasa yaliyojaa. Neno "mchezo" nalo limechanganya watu zaidi. Wengine wakilisikia wanafikiria burudani ya dakika kumi za mwisho, zawadi kwa darasa lililotulia. Wengine wanafikiria mchezo ambao hesabu imo ndani yake, kiasi kwamba huwezi kuucheza vizuri bila kukokotoa. Na wengine wanamaanisha kazi ya mikono: kupima, kujenga, kuchora, kuuza na kununua kwa mfano. Maana ya kwanza haihitaji uchambuzi. Ubishi wa kweli uko kwenye zile mbili za mwisho.

Programu ilivyobadilika, na shule ilivyobaki

Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka 8: miaka 6 ya shule ya msingi, kisha darasa la 7 na la 8, ambayo zamani yalikuwa miaka 2 ya kwanza ya sekondari. Kwenye karatasi watoto hao wamehamia elimu ya msingi. Katika maisha bado wanakaa ndani ya shule za sekondari, chini ya prefe (mkuu wa shule) yuleyule, na wazazi bado wanalipa, kwa kuwa elimu ya bure iliyotangazwa kuanza Septemba 2019 iligusa shule ya msingi peke yake.

Mwaka 2018 ikaja programu mpya ya sayansi kwa darasa la 7, hisabati ikiwa ndani yake, na darasa la 8 likafuata. Msingi wake ni kile ambacho walimu wanakiita kwa Kifaransa approche par les situations: somo lianze na hali fulani ya maisha, mtoto aishughulikie, na kutoka humo apate maarifa. Hali hizo zimeandikwa ndani ya programu moja baada ya nyingine. Mwalimu aliyefundishwa kwa imla, akafundisha kwa imla miaka ishirini, ameombwa ageuze mwendo wake wote, na mara nyingi bila vifaa vya kugeuzia.

Juu ya hayo kuna suala la lugha, ambalo katika mjadala huu husahaulika mno. Mtoto wa Maniema anaanza shule kwa Kiswahili katika miaka ya mwanzo, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Akifika darasa la 7 anakutana na aljebra, yaani herufi zinazosimama badala ya namba, kwa lugha ambayo nyumbani hakuna anayeitumia kuagiza chumvi. Ukimwona amenyamaza mbele ya ubao, hujui kama amekwama kwenye hesabu au kwenye neno quotient. Katika upimaji wa PASEC wa mwaka 2019, ulioshirikisha nchi 14 zinazotumia Kifaransa, matokeo ya Kongo katika hisabati mwishoni mwa shule ya msingi yalikuwa miongoni mwa ya chini. Hao ndio watoto wanaovuka kwenda darasa la 7.

Hesabu iliyokuwapo sokoni

David Livingstone alipofika Nyangwe mwezi Machi 1871 alikuta soko kubwa kwenye ukingo wa Lualaba, soko la wanawake zaidi ya wanaume. Siku moja alihesabu watu zaidi ya 700 wakipita mlangoni pake kwenda sokoni, wakiwa na samaki, chumvi, mafuta, vyungu na kuku. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo, watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani waliwapiga risasi wanawake hao sokoni na mtoni, na mamia wakafa. Historia ya Nyangwe haisimuliwi bila siku ile, na wanaopenda kulitumia soko lile darasani wakumbuke kwamba waliokufa ndio waliokuwa mabingwa wa hesabu za mahali hapo.

Hesabu zile hazikufa nao. Leo mama anayenunua mawese bidoni nzima na kuyauza kwa chupa anafanya kichwani kazi ambayo darasani ingechukua ubao mzima. Bidoni ina lita 20. Chupa ya bia, ambayo ndiyo kipimo chake, inachukua sentilita 72. Zitatoka chupa 27, na mafuta kidogo yatabaki, kiasi cha sentilita 56, ambayo hayajazi chupa ya 28. Tuseme bidoni imemgharimu faranga 30,000. Akiuza chupa kwa 1,100 amepata hasara ya faranga 300. Akiuza kwa 1,500 ana faida ya 10,500, na mabaki ya kupikia. Ndani ya biashara hiyo kuna kugawanya kwenye baki, kuna desimali, na kuna mlinganyo wa kutafuta bei ya chini kabisa isiyoleta hasara. Binti yake anayekaa naye kibandani anajua jibu. Kesho yake darasani, 27x = 30,000 inamtoa jasho.

Jambo hili limechunguzwa kwingine kwa makini. Mwaka 1985 watafiti wa Brazili, Terezinha Nunes Carraher na wenzake, walichapisha matokeo yao juu ya watoto watano wauzaji wa mitaani katika mji wa Recife. Kibandani watoto hao walipata sawa asilimia 98 ya maswali. Walipopewa hesabu zilezile zikiwa namba tupu kwenye karatasi, walishuka hadi asilimia 37. Mwaka 2025 timu waliyokuwamo wanauchumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo ilichapisha katika jarida la Nature utafiti wa watoto zaidi ya 1,400 wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi. Walikuta jambo lilelile, na upande wake wa pili: watoto wa sokoni walikwama kwenye hesabu za darasani, na watoto wa shule wasiofanya biashara walikwama kwenye hesabu za sokoni. Akili hazikukosekana upande wowote. Kilichokosekana ni njia ya kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Nimelitanguliza hili kwa makusudi, kwa sababu linawabana watetezi wa michezo na wapinzani wao kwa pamoja.

Hoja ya wanaotetea mikono

Watetezi wanasema mtoto ashike kwanza, achore baadaye, aandike alama mwisho. Ni mpango ambao mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner aliuweka wazi katika miaka ya 1960, na ambao Singapore iliujengea mtaala wake wa hisabati. Kwa Nyangwe wanaongeza hoja ya lugha: kokoto haina Kifaransa. Mtoto anaweza kuelewa jambo kwa vidole na Kiswahili, kisha akapewa jina lake la shule akiwa tayari anajua linataja nini.

Hoja hii tuitazame kwa karibu katika kisolo, mchezo wa upande wa Katanga na Kasai ulio wa jamii moja na bao la Waswahili wa pwani. Hatuhitaji ubao wa seremala. Watoto sita wanachimba vishimo 8 kwa duara, wanavipa namba 1 hadi 8, na kuchukua mbegu za mpira au kokoto. Sheria ni moja: unaanza kupanda kutoka shimo la 1, mbegu moja kila shimo, unazunguka mpaka ziishe. Mwalimu anauliza: ukiwa na mbegu 11, ya mwisho itaangukia wapi? Wanapanda. Shimo la 3. Ukiwa na 19? La 3 tena. Na 27? La 3. Hapo watoto wanaanza kutazamana. Mmoja anadai 35 nayo itaangukia pale. Wanapanda, inaangukia pale. Mwingine anataka zile zinazoishia shimo la 8, na wanagundua kwamba ni 8, 16, 24, namba zilezile za jedwali la kuzidisha waliloliimba shule ya msingi bila kujua linafanya kazi gani.

Sasa mwalimu anauliza swali ambalo mikono haiwezi kulijibu: mbegu 803? Hakuna mwenye kokoto 803, wala muda wa kuzipanda. Inabidi kufikiri: mizunguko 100 inakula 800, zinabaki 3. Na hapo ndipo herufi inapopata sababu ya kuitwa. Idadi yoyote inayoishia shimo la 3 inaandikwa 8n + 3, ambapo n ni mizunguko. Mtoto aliyefikia hapo hajapewa n kama amri kutoka mbinguni. Ameihitaji, kwa kuwa kokoto zimemwishia.

Utafiti unawaunga mkono watetezi, kwa kiasi. Mwaka 2013 Kira Carbonneau na wenzake walikusanya tafiti 55 zilizolinganisha kufundisha kwa vitu vya kushika na kufundisha kwa alama peke yake. Faida ilionekana, lakini ya wastani na kwenda chini, na ilikuwa kubwa zaidi pale mwalimu alipoongoza kwa karibu. Mwalimu anayewaachia watoto kokoto na kwenda kusahihisha madaftari kivulini amewapa mapumziko.

Hoja ya wenye mashaka

Wenye mashaka si watu wa zamani wanaochukia furaha ya watoto. Hoja zao ni nzito, na ile nzito kuliko zote ni kwamba kitu cha kushika kinaweza kumteka mtoto. Mwaka 2008 Jennifer Kaminski na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichapisha katika jarida la Science jaribio ambamo wanafunzi walijifunza kanuni ileile kwa njia mbili: kundi moja kwa picha za vikombe vya kupimia, kundi la pili kwa alama tupu. Walipopelekwa kwenye mchezo mpya wenye kanuni ileile, walioanza na alama ndio walioitambua vizuri zaidi. Wenye vikombe walibaki na vikombe vyao. Watafiti wa Ubelgiji walilipinga jaribio hilo mwaka 2011 wakionyesha kwamba mtihani wa mwisho ulifanana mno na zile alama, kwa hiyo ulilipendelea kundi moja. Ukweli wa kati unabaki: kujua kisolo si kujua mgawanyo wenye baki, kama vile wauzaji wa Recife walivyojua bei bila kujua karatasi.

Mwalimu wa Marekani Deborah Ball aliwahi kuonya, mwaka 1992, kwamba hisabati haimo ndani ya kile kitu cha kushika. Mtu mzima anaiona kwa sababu tayari anaijua. Mtoto anaona kokoto.

Kisha kuna saa. Kipindi hakifiki saa nzima. Darasa la watoto 60 likitoka nje, likijipanga, likachimba, likacheza na kurudi, zimebaki dakika chache za kuandika, na kengele inapolia kazi iliyokatwa huwa ni ileile ya mwisho, yaani uandishi. Programu ni ndefu, na mwisho wake kuna TENASOSP, mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la 8 na kumwelekeza mtoto. Miaka minne baadaye kuna EXETAT, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ambao katika kikao chake cha kawaida ni wa kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa. Prefe anajua kwamba mtaa mzima utaihesabu shule yake kwa asilimia ya waliofaulu, na hakuna anayeihesabu kwa vishimo.

Mimi naona hoja hii ya muda inashinda kila mahali ambapo mchezo umewekwa juu ya somo kama nyongeza. Inapoteza nguvu pale ambapo mchezo umechukua nafasi ya maelezo ya ubaoni. Dakika ishirini za kisolo zinaweza kufuta vipindi viwili vya kueleza mgawanyo wenye baki, na baada yake usemi wa aljebra unaingia bila vita. Lakini hilo linategemea mwalimu kuwa na ujasiri wa kuviacha hivyo vipindi viwili. Akicheza, kisha akaeleza yote tena kama kwamba hakuna kilichochezwa, amelipa mara mbili.

Urithi, na hatari ya kuugeuza pambo

Kundi la tatu halitosheki na kokoto. Linataka hisabati ya Kiafrika iingie darasani kwa jina lake, na mkononi lina ushahidi ambao mtoto wa Kongo angepaswa kuujua kabla hajasikia jina la Pythagoras.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, kwenye ukingo wa ziwa Edward katika Kivu ya Kaskazini, mfupa mdogo wenye umri wa miaka karibu 20,000. Umechongwa mistari mifupi iliyopangwa makundi, katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mistari 11, 13, 17 na 19, ambazo zote ni namba tasa. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha kila moja ya safu hizo mbili unapata 60. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, jumla 48. Wengine wanasema ni hesabu za kuzidisha mara mbili, wengine kalenda ya mwezi, wengine wanaonya tusizidishe. Mfupa wenyewe uko Brussels. Darasani hauhitajiki: kijiti na kisu vinatosha kuuchonga tena, na swali la kwa nini mtu achonge 11, 13, 17 na 19 linaweza kulishughulisha darasa la 7 asubuhi nzima.

Mfano wa pili uko kwenye mchanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti Emil Torday aliwakuta watoto wa Wabushong, katika ufalme wa Kuba huko Kasai, wakichora chini michoro migumu kwa kidole kimoja bila kukiinua wala kupita mstari uleule mara mbili, na wakamtaka mgeni ajaribu. Wachokwe, wa Angola na kusini mwa Kongo, nao walikuwa na sanaa yao ya michoro ya mchanga, ambayo Paulus Gerdes wa Msumbiji aliichambua kwa miaka mingi kama hisabati kamili. Swali la watoto wale wa Kuba ni lilelile ambalo mwanahisabati Leonhard Euler alilijibu mwaka 1736 kuhusu kuvuka madaraja yote ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu. Chora mraba, kisha mistari miwili ya kukata kona kwa kona. Huwezi kuuchora kwa mkono mmoja bila kuinua kidole, hata ujaribu hadi usiku. Sasa weka paa juu yake, mistari miwili inayokutana kileleni, iwe nyumba. Inawezekana, mradi uanzie kona ya chini. Sababu iko kwenye kuhesabu mistari inayokutana kila kona: kona zenye idadi witiri zikizidi mbili, mchoro haukubali. Katika ule mraba zilikuwa nne; paa limezigeuza mbili za juu kuwa shufwa. Mchanga Nyangwe haununuliwi.

Udhaifu wa kundi hili ni kwamba fahari inaweza kuchukua nafasi ya kazi. Mtoto akikariri kwamba Ishango ni fahari ya Kongo, akaandika mwaka wa kuchimbuliwa, na hakujumlisha safu hata moja, amejifunza historia kidogo na hisabati hakuna. Mchoro wa Wachokwe uliobandikwa ukutani ni pambo mpaka mtu aulize kwa nini unakubali kuchorwa. Tena tusimpachikie mtoto wa Kabambare utamaduni wa Kasai kana kwamba Waafrika wote ni ukoo mmoja. Aambiwe mchezo umetoka wapi, kisha aucheze.

Nani anabeba gharama

Kenya imekwisha kuonyesha mahali mpango wa kufundisha kwa kazi za mikono unapovunjika. Mtaala wake wa umilisi ulianza kutumika nchi nzima mwaka 2019, na mwanzoni mwa 2023 watoto wa kwanza wakaingia gredi ya 7, umri uleule wa darasa letu la 7. Kazi za mikono zilikuwa moyo wa mtaala huo. Malalamiko ya wazazi yakawa makubwa: vifaa vya kununua, picha za kuchapisha, kazi zilizopelekwa nyumbani usiku na kumalizwa na mama au na kaka mkubwa. Mtoto wa mwenye nacho alileta kazi safi, na mtoto wa asiye nacho alileta aibu. Kenya hiyohiyo ilikuwa na somo la awali: mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliwafundisha walimu wa sekondari kubuni vifaa kutokana na vilivyo karibu. Tofauti ya mipango hii miwili iko kwa aliyepewa mzigo. SMASSE ilimpa mwalimu mafunzo. Kazi za nyumbani zilimpa mzazi orodha ya kununua.

Kusini mwa Maniema orodha kama hiyo ni ada nyingine. Kabambare ina machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na mvulana wa miaka 13 anayeona shule imeongeza gharama anajua pa kwenda. Msichana akipewa mradi wa kufanyia nyumbani atakutana nao baada ya maji, kuni na kupika. Walimu wengi hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali na wanaishi kwa michango ya wazazi haohao, kwa hiyo kumwambia mwalimu atengeneze vifaa usiku kucha ni kumwomba mchango wa pili. Na katika maeneo ambayo vita vya makundi yenye silaha vimefunga shule kwa wiki nzima, kila kipindi kinachorudi ni cha thamani mno kukipoteza kwa maandalizi.

Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni ngumu: kazi ya mikono isiyoweza kufanyika shuleni, ndani ya kipindi au viwili, kwa vitu visivyonunuliwa, isiingie. Nzuri nyingi zitaachwa nje kwa kanuni hii. Maumbo ya karatasi ngumu, mizani ya kutengeneza, duka la mfano lenye noti za kuchapisha, vyote vinafaa mahali penye karatasi.

Kuupima mto

Kuna mradi mmoja unaopita katika kanuni hiyo, na kwa Nyangwe una maana ambayo hauna penginepo. Livingstone aliposimama ukingoni mwaka 1871 alikadiria kwa macho kwamba Lualaba ina upana wa yadi 3,000 au zaidi, kama kilomita 2 na robo tatu. Alitumaini ni Nile. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1874, msafiri Verney Lovett Cameron alifika hapohapo akiwa na vipimo. Alipolinganisha mwinuko wa Nyangwe kutoka usawa wa bahari na wingi wa maji yanayopita pale na vile vya Nile huko Gondokoro, akaona Lualaba iko chini zaidi na ina maji mengi zaidi. Maji hayapandi. Mto ule ulikuwa Kongo. Tumaini la Livingstone lilianguka kwa hesabu za kutoa na kuzidisha zilizofanywa Nyangwe.

Darasa la 8 linaweza kupima upana huo bila kuvuka. Chagua mti ulio ukingo wa pili. Simika kijiti upande wako, mkabala nao. Tembea kando ya mto hatua 100, simika kijiti cha pili. Endelea hatua 10, simika cha tatu. Hapo geuka kwa pembe mraba, upe mto mgongo, na utembee mpaka kijiti cha pili na ule mti vikae kwenye mstari mmoja machoni pako. Hatua ulizotembea kutoka kijiti cha tatu, mara 10, ndizo upana wa mto, kwa sababu pembetatu mbili zimefanana na uwiano wake ni 100 kwa 10. Kila kundi litapata jibu lake, na majibu yatatofautiana sana. Kosa la hatua moja nchi kavu ni hatua 10 majini, na pembe isiyo mraba inaharibu kila kitu. Kutafuta wastani, kujadili ni kundi gani lilikosea na wapi, kisha kulinganisha na yadi 3,000 za Livingstone, ni takwimu na jiometria kwa pamoja. Kwa usalama waanzie uwanja wa mpira, wapime upana unaojulikana. Mtoni waende na watu wazima, mbali na maji. Vinatakiwa vijiti na kamba. Kifaransa kinakuja mwisho, kila neno likiwa na kitu cha kukitaja.

Mizani inaelemea wapi

Nikiziweka hoja zote pamoja, naona watetezi wako sahihi kuhusu mwanzo wa somo na wenye mashaka wako sahihi kuhusu mwisho wake. Mtoto wa Nyangwe hana upungufu wa mambo ya kushika. Soko, mto na shamba vimemjaza. Upungufu wake uko kwenye kuvusha alichokishika hadi kwenye alama, na kutoka kwenye Kiswahili cha kibandani hadi kwenye Kifaransa cha mtihani. Mchezo usiovusha unamwacha alipokuwa, na amefurahi. Ubao usio na mchezo unamwacha ng'ambo asikojua amefikaje.

Basi mafunzo ya walimu, pale yanapopatikana, yasitumike kuwafundisha michezo mingi mipya. Mitatu au minne kwa mwaka inatosha. Yatumike kwenye theluthi ya mwisho ya kipindi: namna ya kuwarudisha watoto ndani dakika ishirini kabla ya kengele, kuchagua swali kama lile la mbegu 803 ambalo mikono inalishindwa, kukubali jibu la Kiswahili kwanza na kulivalisha Kifaransa baadaye, na kumpa kila mtoto sentensi moja na usemi mmoja wa kuandika mwenyewe. Inspekta anayekuja kukagua atazame hapo. Na wanaotunga TENASOSP wakiweka swali moja tu la kuanzia kwenye hali, kama la bidoni na chupa, prefe wote wa mkoa wataelewa kabla ya waraka wowote kufika.

Mzazi aliyesimama chini ya mwembe hahitaji kusubiri inspekta. Jioni amwombe mtoto daftari. Akikuta ukurasa wa siku ile una duara la vishimo 8, jedwali lenye 11, 19, 27 na 35, na chini yake 8n + 3 kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, ada yake imefanya kazi. Akikuta ukurasa mtupu, kesho aende kwa prefe na swali lake, na aende nalo daftari.